Kuhama kwa Mwenye Ujuzi, na Deni Alilo Nalo kwa Waliomlea

Swali tutakalolijibu katika karatasi hizi limetufikia kwa ndimi nyingi, na kila aliyelileta alilivika nguo yake. Baba aliyeko Muleba auliza kama yafaa auze kipande cha shamba la kahawa ili binti yake, muuguzi mwenye cheti, apate nauli na ada za kwendea Uingereza. Binti mwenyewe auliza kama ana dhambi akienda asirudi. Na jirani ambaye hakuulizwa hunena kwa sauti ya juu kwamba waendao wote ni wasaliti. Na siku nyingine, mfuko wake ukiwa mtupu, hunena kwamba wabakio wote ni wajinga. Tukilivua swali nguo hizo zote, tutalikuta ni hili: mtu aliyefunzwa ujuzi kwa mali na jasho la watu wake, je, ana haki ya kuuchukua ujuzi ule akauweke katika nchi nyingine maisha yake yote?

Yatupasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kusafiri ni jambo moja, na kuhama ni jambo jingine. Msafiri amewaacha watu wake nyuma akiwa na nia ya kuwarudia, na mambo yake yote, nyumba yake na kaburi lake, yako kule alikotoka. Mwenye kuhama amekwisha kuukata moyo. Wala haitupasi kumhukumu mmoja kwa hukumu ya mwenziwe.

Ama kusafiri, hakuna asiyejua kwamba watu wa Bukoba ni wasafiri wa zamani. Tangu meli zilipoanza kukata ziwa kati ya Bukoba na bandari za Uganda, Wahaya wamekwenda Kampala na Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakatafuta kazi na biashara. Wengine wakarudi na mabati ya kuezekea nyumba, wengine wakasahauliwa. Watani wao husema Mhaya akienda sokoni kununua chumvi hurudi na shahada. Tuwaache watani na utani wao. Lililo kweli ni kwamba mti wa kahawa ndio uliosomesha nchi ile, na aliyesoma aghalabu hakupata mahali pa kukaa na elimu yake ila mbali na mgomba wa baba yake.

Wala jambo hili si la Wahaya peke yao. Ibn Battuta aliyeifikia Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuwa mtu wa Tanja, mwenye ujuzi wa sheria, na ujuzi huo ndio uliomfanya kadhi katika Delhi, kisha katika visiwa vya Maldivi. Kila mji aliouingia ulimhitaji, na kila mji ulitaka kumzuia. Alipofika Dameski mwaka 1348 ndipo alipopata khabari kwamba baba yake amekufa, na tangu kufa kwake imepita miaka 15. Akaendelea na njia ya kwao, na kabla hajaingia Tanja akaambiwa kwamba mama yake naye amechukuliwa na tauni miezi michache iliyopita. Twaikumbusha khabari hii kwa kuwa wapo wadhanio ya kwamba gharama ya safari ni nauli.

Na walio karibu nasi zaidi ni Wazanzibari waliokwenda Omani. Sultani Qaboos alipokamata utawala mwaka 1970, nchi yake ilikuwa na mafuta, nayo haina makarani wa kutosha, wala walimu, wala mahandisi. Aliwaita watu wenye asili ya Omani waliotawanyika Afrika ya Mashariki na kwingineko, na waliokuwa na elimu wakaingia katika wizara, na mashule, na kampuni ya mafuta. Wakapewa uraia. Hata leo Kiswahili chasikika katika majumba ya Maskati, na wajukuu wao hawajui njia ya kwenda Bububu. Hao walihama kwelikweli. Walakini wengi wao walikuwa wamekwisha kutolewa nyumbani na mambo ya mwaka 1964, na mtu aliyefukuzwa hana deni la kubaki.

Sasa tuje kwa muuguzi wetu wa Muleba, ambaye hakufukuzwa na mtu. Tulitazame vizuri jambo analolitaka, kwani wengi hulitamani bila ya kulijua. Nchi za matajiri zina hati iitwayo ya ukaazi wa kudumu. Aliye nayo hukaa bila ya kuulizwa muda, hufanya kazi kwa mwajiri ampendaye, na mlango wa uraia huwa u wazi mbele yake. Milango ya kuifikia hati hiyo si sawa. Canada tangu mwaka 1967 huwapima watu kwa alama: umri, elimu, lugha, na miaka ya kazi, na anayefuzu hupewa ukaazi tangu siku aingiapo. Ujerumani ilitunga sheria mpya ya wenye ujuzi iliyoanza mwaka 2020, nayo yadai Kijerumani. Kenya ilitia saini nayo mapatano ya kupeleka wafanyakazi mwezi Septemba 2024. Uingereza humpa muuguzi viza kwa jina la mwajiri wake, na akikaa miaka 5 huruhusiwa kuomba ukaazi kwa ada inayokaribia paundi 3,000, baada ya kufanya mtihani wa maswali 24 juu ya wafalme wa Waingereza na desturi zao. Mwezi Mei 2025 serikali ile ilitangaza nia ya kuifanya miaka 5 kuwa 10. Mwezi Machi 2024 ilikuwa imekwisha kuwakataza walezi wa wazee kuja na waume zao au wake zao na watoto wao, na Julai 2025 ikaufunga mlango wa walezi wapya kutoka ng'ambo. Basi mwenye kuitegemea milango hii na ajue kwamba funguo ziko mikononi mwa watu wanaopigiwa kura na wengine, si na yeye.

Na katika masharti yote hayo, liko moja dogo ambalo sisi twaliona ndilo kubwa. Siku zahesabiwa. Anayengoja ukaazi wa Uingereza hana ruhusa ya kuwa nje ya nchi ile zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Mwenye ukaazi wa Canada hana budi kuwamo humo siku 730 katika kila miaka 5, ama sivyo ukaazi wake huwa mashakani. Mtu atasema siku 180 ni nyingi, zatosha kuja kuzika na kurudi. Ni kweli, lakini mwajiri hampi nusu ya siku hizo, na nauli hula zilizobaki. Ugonjwa wa mzazi kwetu ni kazi ya miezi: ni kumgeuza kitandani, na kumlisha uji, na kumsikiliza akisema yale yale. Hiyo ndiyo sehemu ya uzazi isiyotumika kwa simu. Binti anayekwenda yampasa aijue kabla hajaenda, na wazee wake waijue, wapeane ruhusa kwa maneno ya wazi wakiwa wangali wazima, wasije wakalaumiana juu ya kaburi.

Tumesema ana deni. Deni la nani, na kiasi gani? Hapa ndipo penye kazi, na msomaji atusamehe tukikawia.

Mwalimu Nyerere, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alipata kupiga mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji walimpa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea msaada. Na mtu huyo, asipowarudia, ni msaliti. Mfano huu umetumiwa miaka mingi kuwafungia mlango waliosoma. Lakini hebu utazame tena, ewe msomaji. Mtu yule alipewa chakula ili aondoke. Wanakijiji wenyewe ndio waliomtuma. Kosa lake haliko katika kuondoka, liko katika kuusahau mfuko. Basi anayeutumia mfano ule kumzuia mtu asitoke nje ya mpaka wa Mutukula ameushika kwa upande usio na mpini.

Hata hivyo mfano ule una ukali mwingine ambao wapendao kuhama hawauoni. Katika kijiji kile, mjumbe alikwenda kuleta chakula, na gunia la chakula laweza kuletwa na mtu yeyote. Katika jambo letu, muuguzi si mjumbe aliyetumwa gunia. Yeye ndiye gunia. Watu wa Muleba hawakumsomesha apate kuwaletea paundi, walitaka mkono wake. Mwanamke aliyelala katika wodi ya Ndolage au Rubya au Kagondo, uchungu umemshika usiku wa manane, fedha iliyotumwa kutoka Manchester haimkati kitovu mtoto wake.

Mtu akitaka ushahidi wa neno hili, na akumbuke mwezi Machi 2023. Ugonjwa usiojulikana uliingia Bukoba Vijijini, watu wakatokwa na damu na homa, na vipimo vikaonyesha ni Marburg. Walioshikwa ni watu 9, waliokufa ni 6, na miongoni mwa waliopatwa walikuwamo wahudumu wa afya. Mwezi Juni ukatangazwa kwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ukarudi upande wa Biharamulo ukaua tena. Ugonjwa wa namna hii ukiachiwa wiki mbili bila ya watu wa kuufuata nyumba kwa nyumba huvuka ziwa na mipaka mitatu. Walioufuata nyumba kwa nyumba ni wale ambao siku ile walikuwako.

Basi je, tumwambie asiende? Pole pole. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitia tiba katika fardhi za kutoshelezana: wakizisimamia baadhi ya watu, waliobaki huondokewa na mzigo, na asipopatikana wa kuzisimamia, mji mzima huingia katika lawama. Naye alisikitika kwamba katika zama zake miji ilijaa watu wakishindania fikihi na mabishano, na tabibu hayumo. Neno hili watu hulisoma kana kwamba lamfunga tabibu. Lamfunga, lakini kwanza laufunga mji. Fardhi imewekwa juu ya shingo za watu wote, nao wote yawapasa kuhakikisha kwamba tabibu yuko, ana mshahara, ana nyumba, ana dawa za kumpa mgonjwa. Mji uliomsomesha muuguzi kisha ukamwacha miaka mitatu akiuza vitenge sokoni kwa kukosa ajira haukutimiza fardhi yake, na hauna mdomo wa kumwita mtoro.

Wala hatusemi jambo la kubuni. Mwezi Machi 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa Kenya, serikali ya Tanzania ilikubali kupeleka huko madaktari 500, na walioomba walikuwa watu waliosoma nao hawana kazi. Mahakama ya Kenya ikazuia jambo lile. Ndipo Rais Magufuli alipoamuru madaktari 258 walioomba waajiriwe hapa nyumbani. Twalisifu agizo lile. Lakini lafundisha pia kwamba nchi inayosema haina madaktari ilikuwa na madaktari wake barabarani, na kwamba hodi ya jirani ndiyo iliyoikumbusha.

Kwa hiyo hukumu yetu yafuata idadi na mahali, haiwi moja kwa watu wote. Muuguzi ambaye hakuajiriwa, au aliyemo katika hospitali yenye wenzake wa kutosha, anapoondoka hapunguzi kitu kwa wagonjwa. Anawapunguzia wengine msongamano. Lakini aliye peke yake katika zahanati ya kisiwani, naye yuko kazini na mshahara anaupata, akiacha funguo mezani Ijumaa na Jumatatu akaonekana uwanja wa ndege, huyo ametenda ubaya. Haki yake ya kuondoka haikufutika. Lililomharibia ni kwamba hakungoja mwenziwe aje. Kungoja huko kwaweza kuwa miezi sita. Hakuna mtu aliyekufa kwa kungoja ukaazi miezi sita, na wapo wanaokufa kwa kukosa mzalishaji usiku mmoja.

Sasa kiasi cha deni. Deni lisilo na kiasi si deni, ni utumwa. Na sisi watu wa pwani na wa bara tumeujua utumwa vya kutosha, haifai kuurudisha kwa jina la uzalendo. Aliyesoma chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ana deni lenye tarakimu: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hata liishe. Akienda ng'ambo na alilipe kutoka huko. Wengi hudhani bahari huosha deni hili. Haliosheki, kwani fedha ile hugeuka kuwa ada ya mtoto mwingine, naye mkimbiaji amekaa juu ya kiti cha mtoto huyo.

Nijeria, ambako vijana wana neno lao la Kiyoruba, japa, kwa maana ya kutoroka na kwenda zako, wametafuta kulitia deni hili katika sheria. Mwaka 2023 uliletwa katika Bunge lao muswada wa kumtaka daktari afanye kazi nchini miaka 5 kabla hajapewa leseni kamili. Mwaka 2024 baraza lao la wauguzi likaamuru kwamba asiyetimiza miaka 2 ya kazi baada ya leseni vyeti vyake havitathibitishwa kwa mabaraza ya ng'ambo. Wauguzi wakaandamana. Hukumu yetu ni kwamba miaka 2 aliyoambiwa mtu siku ya kwanza ya masomo, akaikubali akijua, ni sharti la haki, kwa maana mkataba humfunga aliyeuridhia. Miaka 5 anayotupiwa mtu aliyekwisha kuvuka nusu ya mto ni kubadili bei baada ya mnunuzi kutoa fedha. Na kumzuilia mtu cheti chake, ambacho ni ushahidi wa kweli juu ya jambo lililotokea, kwakaribia kuficha ushahidi. Tanzania ikitaka kufuata njia hii, na ifuate ya kwanza.

Liko kundi jingine lenye sehemu katika hesabu hii, nalo hujificha nyuma ya mlango. Ni wale wanaowapokea. Nchi tajiri ikimchukua muuguzi aliyekamilika imepata bure miaka ya masomo ambayo mkulima wa Kamachumu ameilipa kwa debe la kahawa. Mwezi Mei 2010 mataifa yalikubaliana katika Shirika la Afya Duniani juu ya kanuni za kuajiri watu wa afya kutoka nchi za wengine, na mwaka 2023 shirika lile likataja nchi 55 zenye upungufu mkubwa, Tanzania na Nijeria zikiwamo, ambazo haifai kwenda kuzichotea watu kwa makusudi. Kanuni hizo ni za hiari. Tena hazimkatazi muuguzi kuomba mwenyewe, nasi twaona ni haki zisimkataze. Lakini mbona nchi hizo hujiona zimetimiza wajibu kwa kuacha kuita, hali mlango wameuacha wazi na taa wameiwasha? Atakaye matunda ya mti wa mwenziwe husaidia kumwagilia shina. Kujenga madarasa ya wauguzi Muleba, wakafunzwa wawili ili mmoja aende na mmoja abaki, lingekuwa jambo la haki, na bei yake ni ndogo kwa mwenye kuhesabu paundi.

Tukiwalaumu wao, hatuna budi kujitazama. Mkoa wa Kagera nao ni nchi ya kuhamiwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja na ushei wakaingia Ngara, na watu wa huko wakawapokea kabla mashirika hayajafika. Hiyo ni sifa yetu na haifutiki. Walakini mwezi Julai 2013 ilitolewa amri kwamba waliomo mkoani bila ya vibali waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Katika walioondolewa Kagera walikuwamo waliokaa miaka mingi, wamelima, wameoa na kuolewa hapa, watoto wao hawajui lugha ila ya hapa. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake, na wahalifu wa njiani walikuwako kweli. Lakini baba wa Muleba anayetaka binti yake apewe ukaazi wa kudumu na Waingereza baada ya miaka 5 na ajiulize alisema nini mwaka ule, jirani yake wa miaka 30 alipoamriwa kufunga godoro. Kipimo tunachotaka kupimiwa London ndicho tuwapimie watu Muleba. Atakayesema mambo haya hayafanani, atuonyeshe tofauti isiyokuwa rangi ya pasipoti na unene wa mfuko.

Twarudi kwa yule binti na neno la nia. Mtume wetu aliifungamanisha hijra na nia ya mwenye kuhama, kwamba kila mtu ana lile alilolihamia. Wako wanaolichukua neno hili kumdharau anayehamia mshahara. Sisi hatumdharau. Kutafuta riziki ya halali kwa ajili ya watoto na wazee ni nia njema, na kutaka kufanya kazi mahali penye dawa na vyombo, badala ya kumtazama mgonjwa akifa mikononi mwako kwa kukosa damu, ni nia njema zaidi kuliko wengi wajuavyo. Nia tunayoiogopa ni ile ya kuukimbia uso wa watu wake: kwenda ili asiombwe tena. Hiyo hujulikana kwa dalili. Mwenye nayo hubadili namba ya simu.

Na jambo la uraia lisimpite. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Akiuchukua wa Uingereza kwa hiari yake, wa nyumbani humtoka. Wakenya waliruhusiwa na katiba yao ya mwaka 2010, na Waganda nao wanaruhusiwa. Kwetu serikali ilipeleka Bungeni mwishoni mwa mwaka 2024 muswada wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walioko ng'ambo, hadhi ambayo si uraia. Ukaazi wa kudumu peke yake hauondoi uraia, na hili ni jambo la kujua, kwani wengi hukimbilia pasipoti mpya kwa fahari tu, hali ukaazi ungewatosha. Katika nchi ya Wahaya uzito wake ni mkubwa zaidi, maana kibanja si shamba tu. Ndimo walimolazwa mababu, na mrithi wake yatarajiwa atalazwa humo.

Limebaki swali la baba, la kuuza kipande cha shamba. Kibanja chenye kahawa na migomba hakikuachiwa binti peke yake. Mkewe ana haki humo, na watoto wengine, na ukoo. Tena ni mali iliyokwisha kupigwa mara nyingi: bei ya kahawa ilivunjika mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawiana soko yalipokufa, na mnyauko wa migomba ukaonekana Muleba mwaka 2006. Kuuza kilichobaki bila ya ridhaa yao ni kulipa safari ya mmoja kwa chakula cha sita. Wakiridhia wote, mbele ya mashahidi, na binti akaandika kwa mkono wake atarudisha kiasi gani na lini, hapo hakuna lawama. Afadhali ya hayo ni kutumia mavuno ya mwaka au miwili na kungoja.

Lakini kabla ya yote amwulize binti fedha ile ni ya nani. Kama ni ya mitihani ya Kiingereza na ya baraza la wauguzi, na viza, na nauli, gharama hizo ni za kweli, nazo zina risiti. Kama ni ya wakala anayesema atamnunulia karatasi ya mwajiri wa Uingereza, basi ajue karatasi ile haiuzwi. Gharama yake ni juu ya mwajiri, na kanuni za nchi ile zakataza kumtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi. Kati ya katikati ya mwaka 2022 na mwisho wa 2024 waajiri wa walezi zaidi ya 400 walinyang'anywa leseni huko Uingereza, na walioangukiwa na nyumba ile walikuwa ni watumishi, wengi wao wamekwisha kuuza mashamba kwao ili kuinunua karatasi isiyouzwa. Amwambie wakala aandike jina la hospitali, na mahali ilipo, na mshahara, kisha binti aiandikie hospitali yenyewe bila ya kupitia kwake, angoje jawabu. Na wakala akikasirika kwa jambo hilo, shamba libaki.